SIKU YA TATU MPE JEMBE

Wahenga wetu walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huisikia methali hii kuwa ni ya ukali, kana kwamba mwenyeji amechoka na mgeni wake na anamwonyesha njia ya kutokea. Sisi hatuielewi hivyo. Mgeni asiyepewa jembe ataondoka vile vile alivyokuja. Atakuwa ameiona nyumba kwa nje na kula chakula chake, wala hataijua. Lakini aliyepewa jembe amekubaliwa. Ameonyeshwa shamba, amejua udongo wa mahali pale, na akiondoka ataacha tuta lililolimwa kwa mkono wake.

Twaikumbuka methali hii leo kwa sababu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya safari za masomo ya muda mfupi, yaani zile safari ambazo mtu huenda katika mji wa watu wengine kwa wiki nne, sita au kumi na mbili ili ajifunze jambo, kisha arudi kwao. Safari hizo zimekuwa nyingi sana. Zinagharimu fedha nyingi, na mara nyingi fedha hizo ni jasho la watu wengine. Kwa hiyo yafaa tuulize: mgeni wa namna hiyo anapata nini, na mwenyeji wake anapata nini?

Kila mwaka vijana wa Ulaya na wa Marekani hufunga mizigo yao wakaenda Amerika ya Kusini kwa masomo kama hayo. Wako waendao Buenos Aires kujifunza Kihispania na dansi ya tango. Wako pia waendao Salvador, mji mkubwa wa jimbo la Bahia katika pwani ya Brazil. Mji huo uliasisiwa na Wareno mwaka 1549, ukawa makao makuu ya koloni lao la Brazil mpaka mwaka 1763. Katika sehemu yake ya kale pana mtaa uitwao Pelourinho. Maana ya jina hilo ni nguzo ya kupigia watu viboko, kwa kuwa hapo ndipo watumwa waliotolewa Afrika walipokuwa wakiadhibiwa mbele ya watu. Leo mahali hapo hapo ngoma hulia. Kikundi kiitwacho Olodum, kilichoundwa mwaka 1979, kimelifanya jina la mtaa huo lijulikane ulimwenguni kote, na wageni huvuka bahari ili wajifunze kupiga ngoma kama wapigavyo watu wa pale.

Wasomaji wetu na waliangalie jambo hili kwa makini. Katika mji ule uko pia mchezo wa capoeira, ambao ni kupigana na kucheza kwa pamoja, uliokuzwa na watumwa na watoto wao. Mchezo huo ulifanywa kuwa kosa la jinai katika sheria ya Brazil ya mwaka 1890, na aliyekutwa akiucheza alifungwa. Katika miaka ya 1930 fundi mmoja wa Salvador aliyejulikana kwa jina la Mestre Bimba, mtu aliyepata kufanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, aliufungulia shule. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuandika mchezo huo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Basi jambo lililokuwa kosa la mnyonge limekuwa somo la mgeni mwenye fedha, na walioliokoa lisipotee ni watu wa kazi.

Kwa nini tumeanza na mji ulio ng'ambo ya bahari ya Atlantiki? Kwa sababu mji wa namna hiyo tunao sisi wenyewe, wala hauhitaji ndege. Mtu akipanda basi Dar es Salaam asubuhi, akapita Tegeta na Bunju, akaacha nyuma Mapinga, Kerege na Zinga, atafika Bagamoyo kabla jua halijawa kali. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 70 tu. Huko atawakuta vijana waliotoka Ulaya, Marekani na Asia wameketi chini ya miti, ngoma katikati ya magoti, wakifundishwa na Watanzania. Lakini akiwatafuta watoto wa wafanyakazi wa Dar es Salaam waliokuja kujifunza jambo hilo hilo kwa wiki mbili za likizo, atawakuta wachache, au hatawakuta kabisa.

Bagamoyo ni shule ya wageni tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unyamwezi na nchi za maziwa iliteremka mpaka pwani hiyo ikiwa imebeba pembe za ndovu. Twajua uovu wa biashara ya siku zile, na jinsi wanadamu walivyouzwa pamoja na pembe. Lakini twajua pia kwamba wapagazi wengi walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira na waliojua kuutetea ujira huo. Walikaa Bagamoyo kwa muda wakingoja mzigo wa kurudi nao. Hawakuandikiwa vyeti. Hata hivyo walirudi kwao na nguo, habari, nyimbo mpya, na zaidi ya yote lugha ya Kiswahili, ambayo walisaidia kuitandaza bara kwa miguu yao wenyewe kabla serikali yo yote ya kigeni haijaifanya kuwa lugha ya ofisi. Mpagazi yule alikuwa mwanafunzi wa muda mfupi. Alijifunza kwa sababu alikuwa kazini, na alichojifunza alikigawa alikopita.

Wageni wengine walikuja Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hao walikuwa vijana wa Msumbiji, ambao nchi yao ilikuwa vitani kuuondoa utawala wa Wareno. Chama cha Frelimo kilikuwa na shule yake ya sekondari hapo Bagamoyo, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Graça Simbine, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la Graça Machel na akawa Waziri wa Elimu wa kwanza wa Msumbiji huru. Vijana wale walijua kwamba hawakuja kukaa. Kila siku ya masomo yao ilikuwa imelipiwa na wenzao waliokuwa wakipigana msituni, nao walisoma kama watu wenye deni. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 deni hilo lilidaiwa, na wengi wakalilipa kwa kwenda kufundisha, kutibu na kuendesha ofisi zilizoachwa tupu.

Hatusemi haya kwa kusifu zamani tu. Twasema kwa sababu katika mifano hii miwili ndimo kilimo kipimo cha safari ya masomo. Wingi wa siku si kipimo kizuri. Mwaka 1963 mwalimu Paulo Freire wa mji wa Recife, huko huko Brazil, aliwafundisha watu wa kazi wapatao 300 kusoma na kuandika katika mji mdogo wa Angicos kwa muda wa saa zipatazo 40. Walijifunza upesi kwa kuwa maneno waliyosomeshwa yalikuwa ya kazi yao na ya maisha yao. Mwalimu huyo alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi yetu, iliyoufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ilikuwa ikiwafundisha wazee kusoma chini ya miembe. Wazee wale waliketi saa chache kwa wiki, baada ya jembe na kabla ya chakula cha jioni, na mwishowe waliweza kuisoma barua ya mtoto wao bila ya kumwita jirani.

Sasa twende kwenye chuo chenyewe. Baada ya Mwalimu Nyerere kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa. Mwaka 1965 vijana wetu walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakakaa huko miaka minne, wakarudi mwaka 1969 na kuanzisha kikundi cha sarakasi cha taifa. Kazi ya vikundi hivyo ilirithiwa na Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kwa jina la TaSUBa. Wale waliokwenda China walirudi na ujuzi, wakaufundisha, na waliofundishwa nao wakafundisha wengine. Kijana anayepinda mgongo juu ya meza leo katika mtaa wa Dar es Salaam huenda hajui kwamba ujuzi wake ulivuka bahari kwa safari ya masomo. Safari iliyozaa namna hiyo haikuwa ya hasara.

Katika chuo hicho alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na wa ilimba, ambaye sauti yake ilisikika katika kumbi za mabara mengi, na ambaye nyimbo zake zilirekodiwa na kuuzwa Uingereza. Alifariki Bagamoyo mwaka 2003. Jamaa zake waliendelea na kazi yake, na mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa sahani yao wenyewe iitwayo Maisha, wakaonyesha kwamba urithi ule haukuwa wa wanaume peke yao. Mgeni akija Bagamoyo kuisikia ilimba, basi, anakuja penye chemchemi yenyewe.

Tulikaa kuangalia masomo hayo, na yale tuliyoyaona yalitufundisha na sisi pia. Asubuhi ngoma huwekwa karibu na moto wa makuti ili ngozi ikaze, kwa maana upepo wa bahari huilegeza usiku. Mgeni wa siku ya kwanza huja na daftari. Anataka mapigo yaandikwe, ayahesabu, ayapeleke chumbani kwake. Mwalimu hamkatazi, lakini humwambia, "Mwanangu, sikia kwanza." Kisha huyatamka mapigo kwa mdomo, na kuyarudia, mpaka mgeni naye aweze kuyatamka bila ya kugusa ngoma. Siku ya pili viganja huvimba. Siku ya tatu daftari hubaki kitandani. Ndipo anapoanza kutambua kwamba pigo lake peke yake halina maana. Maana yake iko katika pigo la mwenzake wa kulia na la mwenzake wa kushoto, na akiharakisha yeye kundi zima huanguka. Hilo ni somo la ushirika ambalo sisi hulihutubia kwa saa nzima katika mikutano, na hapo hufundishwa kwa kiganja.

Tena miongoni mwa ngoma za nchi yetu iko bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kulimia, ambayo wachezaji wake hushika majembe, huyazungusha na kuyarusha kwa mwendo mmoja. Mgeni anayejifunza ngoma hiyo hupewa jembe kweli kweli. Akiuliza kwa nini watu wacheze na chombo cha kazi, ataambiwa kwamba shamba ni kubwa, jua ni kali, na mkono mmoja huchoka upesi, lakini mikono ishirini inayokwenda na ngoma huchelewa kuchoka. Aliyelielewa jibu hilo ameielewa sehemu kubwa ya historia ya wakulima wa nchi hii, ijapokuwa amekaa wiki nne tu.

Lakini si kila tuliloliona lilikuwa jema. Tulimwona kijana mmoja wa ng'ambo akimwamkia mzee wa miaka sabini kwa neno la vijana wa kituo cha basi. Mzee alinyamaza. Kijana alicheka akidhani hakusikika, akalirudia neno lile kwa sauti kubwa zaidi. Hatumlaumu sana yeye, maana ndilo alilofundishwa na vijana wetu wenyewe, walioona ni mchezo. Mwenyeji asiyemfundisha mgeni kusema "shikamoo" amemnyima ufunguo wa nyumba, kisha hulalamika kwamba mgeni amesimama mlangoni. Kijana yule alipoelezwa alirudi kwa mzee, akainama, akaamkia kama ipasavyo. Mzee akaitika "marahaba", akamkaribisha kitako, na tangu siku hiyo kijana alikuwa akijifunza kwake kila jioni mambo yasiyomo katika ratiba yo yote.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni haki ya mwalimu. Mgeni hulipa fedha nyingi kwao kabla hajapanda ndege. Fedha hizo hupita mikono mingi, na kila mkono hubaki na sehemu yake. Mpiga ngoma mmoja asiyeajiriwa na chuo cho chote, ambaye huitwa kufundisha wageni wanapokuwapo, alitueleza kwamba wakati mwingine hupata nauli na chakula, akaambiwa ashukuru kwa kuwa jina lake litajulikana. Zaidi ya hayo, nyimbo zake hurekodiwa kwa simu na kwa vyombo vikubwa, na hajui zinakwenda wapi. Mwashi akijenga nyumba haambiwi kwamba malipo yake ni sifa. Kwa nini mwalimu wa ngoma aambiwe hivyo? Nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sheria hiyo inazitaja hata sanaa za jadi. Lakini sheria haimfai mtu asiyeijua. Wasanii na wakae pamoja, wapange kima cha chini cha ujira wa kufundisha, na kila mgeni aulize kabla ya kurekodi. Mgeni mwema hatachukia kuulizwa. Atafurahi kujua kwamba hakuiba.

Jambo la tatu latuhusu sisi. Wako wananchi wenzetu wapelekwao nje kwa masomo ya wiki chache, katika semina, warsha na ziara za namna nyingi. Wako wanaorudi na maarifa, nao twawaheshimu. Lakini wako pia ambao mzigo wao wa kurudi ni picha, nguo na posho iliyobaki. Ukiwauliza walichojifunza watakusimulia hoteli. Wengine hurudi na ugonjwa mbaya zaidi, wa kudharau chombo cha kazi cha wenzao kwa kuwa wamekiona kingine ng'ambo, ingawa hawajui kukitengeneza hiki wala kukinunua kile. Mpagazi wa Unyamwezi, aliyerudi kwao kwa miguu na mzigo begani, angewaonea haya.

Kwa hiyo twatoa shauri letu, na twaomba matawi, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika walifikirie.

Kwanza, anayepelekwa kusoma kwa muda mfupi na aende na swali moja, lililotoka kwa wale anaowaacha kazini. Mvuvi wa Bagamoyo aulize jinsi ya kuhifadhi samaki wasioze kabla ya kufika sokoni, maana huko Mbegani, katika pwani yake mwenyewe, kipo chuo cha uvuvi kiwezacho kumjibu kabla hajafikiria kwenda mbali. Mwenye maswali kumi kwa wiki nne hurudi na majibu nusu nusu.

Pili, akirudi na akae mbele ya wenzake katika muda wa siku thelathini, awafundishe kwa vitendo alichojifunza. Taarifa iliyoandikwa na kufungiwa kabatini hatuihesabu. Kama hawezi kumfundisha mwenzake mmoja, tujue kwamba safari ile ilikuwa matembezi, na wakati ujao apelekwe mwingine.

Tatu, kabla ya kuwatamani walio mbali, tuzijue shule zilizo mlangoni petu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam wawapeleke watoto wao Bagamoyo wakati wa likizo, wajifunze ngoma, uchongaji na uchoraji. Wapelekwe Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji, wakaone magofu ya misikiti na makaburi ya watu waliojenga kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla ya meli ya Mreno kuonekana katika bahari hii. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa ng'ambo aweza kueleza tofauti ya sindimba ya Wamakonde na mdundiko wa Wazaramo, na mtoto wa Magomeni, ambaye bibi yake aliucheza mdundiko huo, hawezi.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya starehe, na kwamba mtu wa kazi anahitaji mkate kabla ya ngoma. Hatuwapingi kuhusu mkate. Lakini wale watu wa Salvador walikuwa na njaa pia, na ngoma yao ndiyo leo inayowaletea wageni wenye mkate. Kitu cha mnyonge kikidharauliwa na mnyonge mwenyewe, mwenye nguvu atakuja kukiokota, atakipa jina jingine, na siku moja atakuja kumwuzia.

Jioni ile tulipokuwa tukingoja basi la kurudi, tulimwona yule kijana wa ng'ambo amebeba mzigo wake. Siku zake zilikuwa zimekwisha. Mzee wake alimsindikiza mpaka kituoni, kama desturi ilivyo. Hatukusikia waliyoagana, ila tulimwona mzee akiipiga mapigo machache kwa vidole juu ya begi la kijana, na kijana akiyajibu, bila ya kukosea. Wenyeji wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona ikiwa mgeni amepewa jembe, amelishika, na ameliacha limenolewa. Nasi tuendao kwa watu, tuombe jembe siku ya tatu, kabla hatujapewa.